Kupunguza Mzigo wa Prosesa katika Pachi za Sauti: Maelezo kwa Walimu na Wanafunzi wa Maabara ya Lugha

Utangulizi

Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini kwa kweli linamhusu kila mwalimu anayefundisha matamshi kwa msaada wa kompyuta. Jambo lenyewe ni namna ya kupunguza mzigo wa prosesa, yaani ile sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote, pale tunapotumia programu za kuunda sauti kwa njia ya kuchora, kama vile Pure Data.

Tuanze na sababu. Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda wana Luganda kama lugha ya kwanza au ya pili. Katika Luganda, l na r si fonimu mbili tofauti. Hizo ni alofoni za fonimu moja, na irabu inayotangulia ndiyo inayoamua ipi itamkwe: r huja baada ya e na i, na l huja kwingineko. Katika Kiswahili mambo ni tofauti, kwani l na r hubadili maana. Ndiyo maana tunawapa wanafunzi mazoezi ya kusikiliza jozi mlinganuo finyu kama kalamu na karamu, hali na hari, kula na kura, mahali na mahari.

Sasa ikumbukwe kwamba r ya Kiswahili mara nyingi ni pigo moja tu la ncha ya ulimi, nalo hupita upesi mno. Kompyuta iliyolemewa nayo hutoa milio mifupi ya aina hiyo hiyo: mkwaruzo, mpasuko, pengo dogo katikati ya neno. Mkwaruzo huo ukiangukia katikati ya neno kalamu, mwanafunzi hana njia ya kujua kama alichosikia ni kimadende au ni mashine inayolalamika. Akiandika karamu, tunamkata alama. Kwa hiyo pachi iliyojengwa ovyo haituudhi masikio tu, bali inaweza kumdhulumu mtahiniwa.

Wale wanaofundisha lahaja za pwani wana sababu nyingine. Katika Kimvita, paa la nyumba na paa mnyama wa porini hutofautiana kwa mpumuo unaofuata p. Mpumuo huo hudumu kwa makumi machache tu ya milisekunde, na pengo moja la kompyuta laweza kuumeza.

Mara nyingi tatizo hili hutatuliwa kwa kuomba kompyuta mpya. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba kabla ya kuomba, kuna mengi ya kufanya kwa kompyuta zilizopo.

Pachi ni nini?

Pure Data ni programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, alipokuwa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, yeye huyo huyo alikuwa ameanzisha programu ya Max katika taasisi ya IRCAM mjini Paris. Max ilipewa jina hilo kwa heshima ya Max Mathews, mtafiti wa Bell Labs ambaye mwaka 1957 aliandika programu iliyoiwezesha kompyuta kupiga muziki. Leo Max huuzwa na kampuni ya Cycling '74, na Pure Data inapatikana bila malipo kwa kompyuta za Windows, macOS na Linux. Mifano ya makala haya ni ya Pure Data, ingawa kanuni zake zinafaa kwa Max pia.

Katika programu hizi mtumiaji haandiki mistari ya maagizo. Anachora visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya. Kisanduku kimoja husoma rekodi, kingine huongeza au kupunguza ukubwa wa sauti, kingine huchuja, na cha mwisho hupeleka sauti kwenye spika. Mchoro mzima ndio unaoitwa pachi. Jina hilo lina asili yake. Katika miaka ya 1960 sinthesaiza zilikuwa makabati makubwa, na fundi aliunganisha sehemu moja na nyingine kwa nyaya fupi za kuchomeka. Mpangilio wa nyaya hizo ndio uliokuwa pachi. Kwa sababu hiyo hatukupenda kutumia neno kiraka, maana kiraka huziba tundu, na pachi haizibi chochote. Pachi huunganisha.

Nyaya za Pure Data ni za aina mbili, na msomaji anapaswa kuzitofautisha tangu mwanzo kwani ndizo zitakazotuongoza hadi mwisho. Nyaya nyembamba hubeba ujumbe: namba, jina la faili, agizo la kuanza au kusimama. Ujumbe hupita pale tu unapotumwa, kisha waya unakaa kimya. Nyaya nene hubeba mkondo wa sauti, na mkondo haukatiki. Visanduku vya mkondo hutambulika kwa alama ya kiwimbi mwishoni mwa majina yao, kama osc~ na tabplay~.

Pipa na kata

Kompyuta huhifadhi sauti kama mfuatano wa namba zinazoitwa sampuli. Kwa kiwango kinachotumika sana, sekunde moja ya sauti ina sampuli 44,100. Pure Data huzihesabu kwa mafungu ya sampuli 64. Ukigawanya 44,100 kwa 64 utapata mafungu 689 hivi kwa sekunde, yaani kila fungu lina takriban milisekunde 1.45. Katika muda huo kila kisanduku cha mkondo kilichomo ndani ya pachi lazima kiwe kimemaliza kazi yake, kisha mzunguko unaanza upya.

Fikiria pipa la maji lenye bomba lililofunguliwa chini. Spika ndiyo inayokinga maji, na bomba halifungwi. Prosesa ni mtu anayejaza pipa kwa kata. Akiwa na nguvu ya kutosha, pipa halikauki. Akisimama kidogo kumsalimu mpita njia, maji yaliyomo humsitiri mpaka arudi. Lakini kama kwa wastani anajaza polepole kuliko bomba linavyotoa, pipa litakauka hata likiwa kubwa namna gani. Pipa linapokauka ndipo tunaposikia pengo na mkwaruzo.

Mfano huu unaeleza kosa linalofanywa na wengi. Katika mipangilio ya sauti ya Pure Data kuna mahali pa kuandika ucheleweshaji kwa milisekunde. Kuongeza namba hiyo ni kuongeza ukubwa wa pipa. Husaidia pale prosesa inaposhtuliwa na kazi ya ghafla, kwa mfano programu nyingine inapofunguka, lakini hakumpunguzii mjazaji kazi hata kata moja. Vilevile pipa kubwa lina gharama yake, kwani maji yaliyojazwa sasa hutoka baadaye. Kwa zoezi la kusikiliza tu, mwanafunzi hatagundua ucheleweshaji wa milisekunde 100. Lakini akiwa anazungumza na kujisikia kupitia kompyuta hiyo hiyo, mambo hubadilika. Ni jambo linalojulikana katika taaluma ya usemaji kwamba mtu anayesikia sauti yake ikiwa imechelewa kwa milisekunde 200 hivi huanza kugugumia na kuvuta maneno. Kwa hiyo pachi ya kusikiliza na iwe na pipa kubwa, na ile ya kurekodi isimrudishie msemaji sauti yake hadi amalize.

Ukimya si mapumziko

Tukitakiwa kusema neno moja tu kuhusu mada hii, tungesema hivi: katika pachi, ukimya si mapumziko. Wengi hudhani kwamba kisanduku kisichosikika hakifanyi kazi. Sivyo. Mtu anaposhusha sauti hadi sifuri, prosesa huendelea kusoma rekodi, kuichuja, na kuzidisha kila sampuli kwa sifuri, mara 44,100 kwa sekunde. Jibu la kuzidisha ni sifuri, lakini kazi ya kuzidisha imefanyika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisanduku kwenye skrini nacho huonekana chepesi kama usufi, kwa sababu si sisi tunaokibeba.

Tuchukue mfano. Mwalimu anaandaa somo la jozi 12, yaani maneno 24. Njia inayomjia kwanza ni kujenga kichezaji cha neno la kwanza chenye visanduku vitatu: cha kusoma rekodi, cha kuchuja kelele na cha kurekebisha ukubwa wa sauti. Kisha anakinakili mara 23. Pachi inapendeza, kila neno lina kitufe chake. Lakini sasa kuna visanduku 72 vinavyofanya kazi muda wote, ilhali mwanafunzi husikia neno moja kwa wakati mmoja. Kazi ya kurekebisha ukubwa peke yake ni kuzidisha mara 1,058,400 kila sekunde, na karibu zote ni kuzidisha ukimya.

Dawa yake ni nyepesi. Maneno 24 yahifadhiwe katika majedwali 24, kwani jedwali ni hifadhi tu, wala halihesabu chochote. Kisha kuwe na kichezaji kimoja. Mwanafunzi anapobonyeza kitufe cha neno la saba, ujumbe wa set pamoja na jina la jedwali hilo huenda kwa tabplay~, na mara baada yake huja agizo la kucheza. Visanduku vya mkondo vimebaki vitatu badala ya 72, na mwanafunzi haoni tofauti yoyote.

Kuna mahali ambapo kichezaji kimoja hakitoshi. Pachi moja yaweza kuwa na sehemu ya kusikiliza, sehemu ya kurekodi, na sehemu ya kusikiliza polepole. Hapo kila sehemu iwekwe ndani ya pachi ndogo yake, na ndani yake kuwe na kisanduku cha switch~. Ukikipelekea 0, sehemu nzima inazimwa, nayo haihesabiwi tena. Ukikipelekea 1, inaamka. Huku ndiko kupumzika kwa kweli.

Tahadhari moja ni muhimu. Ukizima sehemu ambayo bado inatoa sauti, wimbi hukatwa ghafla na mkato huo wenyewe husikika kama mpasuko. Utaratibu unaofaa ni huu: kwanza shusha sauti taratibu hadi sifuri kwa kutumia line~ katika muda wa milisekunde 20, subiri milisekunde 30, ndipo utume 0 kwa switch~. Kuwasha kufuate mpangilio wa kinyume, yaani amsha kwanza, kisha pandisha sauti.

Kazi ya mara moja ifanywe mara moja

Kanuni ya pili ni kwamba lolote linaloweza kuandaliwa kabla ya kipindi lisiachwe kufanywa wakati wa kipindi. Kelele ya feni au ya mvua juu ya mabati iliyoingia katika rekodi haibadiliki kutoka siku moja hadi nyingine. Hakuna sababu ya kuichuja upya kila neno linapochezwa. Ichujwe mara moja tu kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, faili safi lihifadhiwe, na kisanduku cha kuchuja kitolewe katika pachi. Katika mfano wetu wa juu tumebakiwa na visanduku viwili.

Jambo la pili la kuandaa ni kiwango cha sampuli. Rekodi zote ziwe na kiwango kile kile ambacho Pure Data imewekewa. Kisanduku cha tabplay~ hakijui rekodi ilitengenezwa kwa kiwango gani. Husoma sampuli moja baada ya nyingine kwa mwendo wa kompyuta. Rekodi ya 48,000 ikichezwa kwa 44,100 itavutika na kidatu chake kitashuka kwa asilimia 8 hivi. Kwa mwalimu wa lugha hili si dogo, kwa sababu irabu nazo hushuka pamoja na kidatu, na msemaji husikika kama mtu mwingine. Wako wanaorekebisha kasoro hiyo ndani ya pachi kwa hesabu za ziada. Ni afadhali kubadili faili mara moja na kumaliza.

La tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni kupunguza kasi ya usemi. Walimu wengi hupenda wanafunzi wasikie sentensi polepole bila kidatu kushuka. Pure Data inaweza kufanya hivyo, na katika mifano inayokuja nayo imo pachi ya kazi hiyo. Lakini hesabu zake ni kubwa. Sauti hukatwa katika mafungu marefu, tuseme ya sampuli 2,048. Kila fungu huchambuliwa ili kupata masafa yaliyomo, hupangwa upya, kisha hurudishwa kuwa sauti. Ili maungio yasisikike, mafungu hupandana, kwa kawaida mara nne. Maana yake ni kwamba kila kisanduku cha mkondo kilichomo ndani ya pachi hiyo ndogo hufanya kazi mara nne zaidi ya kawaida, hata kile ambacho hakihusiki na uchambuzi. Kwa hiyo kama ni lazima kuitumia, ndani yake viwekwe visanduku vya uchambuzi tu. Cha kurekebisha ukubwa wa sauti kikae nje.

Njia iliyo bora ni kuandaa mafaili mawili kwa kila sentensi: moja la kasi ya kawaida, jingine la polepole. Wakati wa kipindi kichezaji huchagua faili tu. Aidha, kwa kuwa faili la polepole linaandaliwa mapema, tunashauri msemaji mwenyewe aisome sentensi mara ya pili polepole badala ya kuivuta kwa mashine. Mtu anapopunguza kasi huvuta zaidi irabu na kuweka vituo mahali panapofaa. Mashine huvuta kila kitu sawasawa, pamoja na mpasuko wa p na mpumuo wake, na matokeo yake si usemi wa mtu yeyote. Hapa kupunguza mzigo na kufundisha vizuri vinakwenda pamoja.

Mwisho wa sehemu hii, tuseme machache kuhusu kupakia mafaili. Kisanduku cha soundfiler husoma faili zima na kuliingiza katika jedwali kwa mkupuo mmoja, na sauti husubiri mpaka kimalize. Faili refu likipakiwa katikati ya zoezi, pengo halikosi. Maneno mafupi yote yapakiwe pachi inapofunguliwa, kabla ya sauti kuwashwa. Hadithi au hotuba ndefu zichezwe kwa readsf~, kisanduku kinachosoma kutoka diski kidogo kidogo huku sauti ikiendelea.

Ujumbe utoshe panapotosha ujumbe

Tulisema kwamba ujumbe hupita unapotumwa na mkondo hupita daima. Kutokana na tofauti hiyo tunapata kanuni ya tatu: usitumie mkondo kwa jambo linalobadilika mara chache. Ukitaka sauti ya rekodi ipungue nusu na ibaki hivyo, andika *~ 0.5. Namba ikiwa imeandikwa ndani ya kisanduku, Pure Data huzidisha kila sampuli kwa namba moja isiyobadilika. Ukikiacha kitupu na kuleta nusu hiyo kwa waya mnene, prosesa hulazimika kubeba mikondo miwili, mmoja wa sauti na mwingine wa namba 0.5 inayorudiwa mara 44,100 kwa sekunde. Mkondo wa line~ uwekwe pale tu mwanafunzi anapotakiwa kupandisha na kushusha sauti mwenyewe, ili mabadiliko yasikwaruze.

Vivyo hivyo kwa upimaji. Kisanduku cha env~, kinachopima nguvu ya sauti, kikiachwa kama kilivyo hutoa kipimo kila baada ya sampuli 512, yaani mara 86 hivi kwa sekunde. Kama kazi yake ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba kipaza sauti chake kinashika, mara 10 au 11 kwa sekunde zinatosha kabisa. Ukiandika env~ 8192 4096 utapata kiasi hicho.

Macho yasile haki ya masikio

Kanuni ya nne inahusu skrini. Uchoraji wa pachi hufanywa na programu ya pembeni inayofanya kazi sambamba na ile ya sauti. Hata hivyo taarifa za kuchora hutoka upande wa sauti, na zote mbili ziko katika kompyuta moja. Mishale inayocheza, namba zinazobadilika kila milisekunde na mawimbi yanayochorwa upya ni mzigo ambao hautambuliki upesi.

Twashauri mambo matatu. Kwanza, majedwali ya maneno yawekwe kwa kisanduku cha table, ambacho hakichori wimbi mpaka mtu akifungue. Pili, sehemu zote ambazo mwanafunzi hazihitaji zifichwe ndani ya pachi ndogo na dirisha lake lifungwe, kwa kuwa kisichoonekana hakichorwi. Tatu, spektrogramu isiwekwe ndani ya pachi ya mazoezi. Kwa kuonyesha darasa jinsi l na r zinavyotofautiana kwa picha, iko Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ionyeshwe kwa wakati wake, si sambamba na zoezi la kusikiliza.

Vilevile mwalimu asihariri pachi huku mtihani ukiendelea. Kila kisanduku cha mkondo kinapoongezwa au kufutwa, Pure Data hupanga upya orodha nzima ya kazi, na mara nyingi mpango huo mpya husikika kama mpasuko.

Kompyuta yenyewe

Wapo watakaosema kwamba kompyuta yao ni ya kisasa, ina prosesa yenye viini vinne au vinane. Ni kweli, lakini Pure Data hufanya hesabu zake za sauti katika kiini kimoja. Vingine hukaa bure au huhudumia programu nyingine. Kipo kisanduku cha pd~ kinachoweza kuendesha sehemu ya pachi katika kiini kingine, ila hicho ni cha kazi kubwa ambazo maabara ya lugha hazihitaji. Mzigo ukiwa mdogo, kiini kimoja kinatosha na kubaki.

Jambo jingine ni hali ya kubania umeme. Kompyuta ya mkononi inapotumia betri hupunguza mwendo wa prosesa ili betri idumu. Pachi iliyofanya kazi vizuri asubuhi ikiwa na umeme yaweza kukwaruza mchana umeme ukikatika, bila ya kitu chochote kubadilika ndani ya pachi. Kwa hiyo majaribio yafanyike kompyuta ikiwa kwenye betri. Ikimudu hapo, itamudu popote.

Namna ya kupima

Ushauri wote huu hauna maana pasipo kupima. Katika menyu ya Media ya Pure Data kuna kipimo cha mzigo kinachoonyesha asilimia ya muda unaotumika. Tunapendekeza utaratibu ufuatao:

1. Fungua pachi, washa sauti, usicheze chochote. Andika asilimia iliyoonekana. Hiyo ndiyo gharama ya ukimya, na mara nyingi huwashangaza watu.
2. Cheza zoezi lote kama mwanafunzi angefanya. Andika asilimia ya juu kabisa.
3. Badilisha jambo moja tu, kwa mfano kuweka switch~ katika sehemu ya kurekodi. Pima tena na uandike.
4. Kama asilimia haikupungua, rudisha kama ilivyokuwa, maana ugumu usio na faida ni mzigo kwa mwalimu atakayerithi pachi hiyo.
5. Rudia katika kompyuta dhaifu kuliko zote maabarani, wala si katika ile ya mwalimu.
6. Angalia pia kipimo cha mfumo wa kompyuta wenyewe, kwa sababu gharama ya kuchora skrini haihesabiwi na kipimo cha Pure Data.

Wastani pekee usitutulize. Pachi yenye wastani mdogo yaweza kukwaruza ikiwa inashtuka kila kitufe kinapobonyezwa. Hatua ya mwisho siku zote iwe ya masikio: watu wawili wavae hedifoni na kusikiliza maneno yote 24 tangu mwanzo hadi mwisho, kila mmoja akiandika anachosikia bila kuona orodha. Wakitofautiana, chanzo kitafutwe kabla ya mwanafunzi yeyote kupewa alama.

Hitimisho

Kwa ufupi, tumeona kwamba pachi hulemewa zaidi na kazi ambazo hakuna anayezisikia kuliko na zile zinazosikika. Zima kisichotumika, andaa mapema kisichobadilika, tumia ujumbe pale mkondo usipohitajika, na usiipe skrini zaidi ya haki yake. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji fedha. Zinahitaji mchana mmoja wa kazi na daftari la kuandikia vipimo.

Sisi walimu wa lugha tumezoea kusema kwamba fonimu moja yaweza kubadili maana ya neno zima. Basi na tuhakikishe kwamba fonimu hiyo inamfikia mwanafunzi jinsi msemaji alivyoitamka. Tunawakaribisha wasomaji wajaribu utaratibu huu katika maabara zao, na watuletee vipimo vyao vya kabla na baada ili tuvijadili pamoja katika matoleo yajayo.